Ndoto Ambayo Sikuiota

Mwanangu,

Nimeanza hivyo makusudi, Baba. Usidhani nimechanganyikiwa, wala usidhani ni dharau. Wewe ndiye uliyeanza. Tangu nipate akili hujawahi kuniita kwa jina langu. "Mama, leta chumvi." "Mama, umefungia kuku?" Wateja wako pale Kombewa wakimsikia fundi cherehani mwenye mvi akimwita msichana hivyo hawashangai, kwa sababu wanajua nimebeba jina la aliyekuzaa. Leo nitaitumia haki hiyo kwa mara ya kwanza. Kuna jambo nimeshindwa kukuambia nikiwa mtoto wako. Labda nitaliweza nikiwa mama yako.

Ni saa tisa mchana. Wewe na Shangazi Pamela mmeenda sokoni kuchukua sanduku langu, nami nimebaki peke yangu na kuku. Kesho asubuhi naondoka. Hakuna upepo hata kidogo. Ziwa limetulia kama bati jipya, na gugumaji ambalo jana lilikuwa mbali limesogea lenyewe likafunga ufuo wote, huwezi kujua maji yanaanzia wapi. Kutoka kwenye meza hii naona vitu viwili dirishani: milima ya ng'ambo, kilipo chuo changu, na kaburi la Nyanya.

Dawa zako za presha unajua zilipo. Taa ya sola unajua inavyochajiwa. Sitaandika mambo hayo.

Neno la kwanza nililosoma maishani lilikuwa kwenye ule msalaba wa kaburini. Sikuwa nimeanza shule. Ulinishika kidole ukakipitisha kwenye herufi zilizochongwa kwenye saruji, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho: Aloo. Ukaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikasema, "Ni mimi." Ukacheka, halafu ukaacha kucheka ghafla, ukanibeba ukanirudisha ndani ingawa jua lilikuwa bado kali. Nakumbuka kwa sababu nilidhani nimesoma vibaya.

Shuleni walikuwa wakinitania. "Aloo, wewe si ulizikwa zamani? Sasa ukikufa watakuweka wapi?" Nilipokuwa darasa la tatu nilimuuliza Shangazi Pamela kuna nini mle kaburini. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Hakuna mtu mle."

"Kuna nini?"

"Tunda la yago. Ziwa likikataa kumrudisha mtu, unachukua yago, unalifunga shuka, unalizika kama mtu. Mama alizikwa hivyo."

"Kwa hivyo mimi nina jina la tunda?"

"Wee mtoto, nenda uchote maji."

Nikaenda kuchota maji. Lakini kuanzia siku hiyo, nikipita pale, nilikuwa natembea kwa vidole, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtu asiyelala vizuri. Nilijua pia habari ya kuzaliwa kwangu: kwamba nililia siku tatu bila kunyamaza, wazee wa kike wakaanza kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na nilipoitwa Aloo nikafunga mdomo. Shangazi huisimulia kila Krismasi. Wewe huondoka mezani kila anapoianza.

Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu Nyanya. Kwamba alifundisha Kiingereza shule ya msingi bila kusomea ualimu. Kwamba aliitwa chuo cha ualimu ng'ambo ya ghuba wewe ukiwa na miaka tisa, akavuka kwa mtumbwi wa injini, na mtumbwi haukufika. Kwamba tangu siku hiyo huli samaki, wewe mtu wa Seme uliyezaliwa kando ya ziwa, na hushuki ufuoni hata ng'ombe wakipotelea huko. Asubuhi ile yenyewe hukuwahi kuitaja, nami sikuwahi kuuliza. Unajua nilivyo. Shule nzima ya sekondari nilijibu maswali kwa sauti ambayo mwalimu alilazimika kusogea kuisikia.

Sasa nije kwenye chuo.

Matokeo yalipotoka, na Kiingereza kikawa ndilo somo langu bora, ulifurahi kuliko mimi. Ulishona lile gauni la bluu usiku mmoja. Lakini tulipoanza kuchagua kwenye ule mfumo wa mtandaoni, ulikuwa umeshachagua peke yako. Ulitaka chuo cha karibu, hiki cha upande wa barabara ya Busia, nisome ualimu, niwe naenda na kurudi.

"Nitakuona kila jioni," ulisema. "Utashuka Kisian, nitakuja kukuchukua na pikipiki."

Nikasema sawa. Sikusema kwamba nilikuwa nimeshasoma masomo ya vyuo vyote viwili, mstari kwa mstari, kwenye simu ya Shangazi. Chuo cha karibu ni kizuri, sikikatai. Lakini huko lugha na fasihi ya Kiingereza ni nusu ya shahada, nusu nyingine ni kujifunza kufundisha. Cha ng'ambo kina shahada ya lugha na fasihi peke yake, na mwaka wa pili wanafunzi wanatumwa kwenye vijiji vya ufuoni kukusanya masimulizi ya wazee, wanayaandika, wanayatafsiri kwa Kiingereza. Nilipiga simu kuuliza kama ni kweli. Nilifanya mazoezi ya maneno yangu nyuma ya choo kwanza. Mwanamke wa ofisini akasema, "Ni kweli, na viatu vitaisha. Sema kwa sauti, msichana, unaitwa nani?" Nilipomwambia, akauliza kama nina watu wangu upande ule. Nikasema sina. Halafu nikakata simu haraka, kwa sababu sikuwa na hakika kama nimesema kweli.

Kilipofunguliwa kipindi cha kubadilisha chaguo, nilitaka kubadilisha. Karatasi yenye namba yangu ya siri ilikuwa imetoweka kwenye Biblia nilimoiweka. Nilitafuta siku mbili. Uliniona nikitafuta, ukaendelea kukanyaga cherehani, hukuinua macho. Siku ya tatu uliponituma mkasi nilifungua droo ya mashine, na karatasi yangu ilikuwa humo. Ilikuwa chini ya uzi mweusi wa zamani uliozungushwa kwenye kijiti, umefifia mpaka unakaribia kuwa kahawia. Niliutazama uzi ule kuliko nilivyoitazama karatasi. Sijui kwa nini. Nikachukua mkasi, nikafunga droo.

Hapo ndipo nilipokosa, Baba. Nilipaswa kuja na ile karatasi mkononi niseme: nimeiona, nataka kwenda ng'ambo, tuzungumze. Ni maneno machache. Badala yake nilikaa kitandani nikatafuta mtu ambaye huwezi kumkatalia. Nikampata, yuko hapo nje dirishani.

Asubuhi iliyofuata ulikuwa unakunywa chai. Nikasema nikitazama sakafu, "Nimemuota Nyanya."

Hukuuliza Nyanya yupi.

"Alikuwa amesimama hapo mlangoni. Alikuwa mkavu kabisa. Akasema, mwache mtoto avuke."

Nilikuwa nimeitunga usiku kucha. Mwalimu wetu wa fasihi alizoea kusema kwamba msomaji haamini jambo kubwa mpaka umwonyeshe dogo, na dogo hilo liwe na kasoro. Kwa hivyo nikatia kasoro. Nikasema, "Nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili zilikuwa wazi."

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Hakikufika. Chai ikakumwagikia gotini, na hukushtuka.

"Nani amekuambia hiyo?"

"Hakuna mtu."

"Pamela?"

"Hapana."

"Pamela hawezi kujua," ulisema, kama unajijibu mwenyewe. "Alikuwa mtoto mdogo, amelala. Tulikuwa wawili tu."

Halafu ukanisimulia. Nilisimama pale na birika mkononi, likaniunguza kiganja, na sikuthubutu kuliweka chini. Ulisema asubuhi ile alikaa kwenye stuli nje, anajisuka mwenyewe kwa uzi mweusi, wewe umemshikia kioo. Alipomaliza upande mmoja akaingia ndani kumtazama Pamela. Ukauchukua uzi ukauficha ndani ya shati. Ulidhani mwanamke hawezi kusafiri na kichwa nusu. Akautafuta uzi mpaka boti kubwa ya asubuhi ikaondoka. Mwishowe akaona shati lako limetuna, akakutazama tu, hakukupiga wala kukusema; akafunga kitambaa, akabeba mzigo wake, akaenda kupanda mtumbwi wa mchana. Ulimfuata hadi ufuoni. Ulimwita, na hakugeuka.

Ukaweka kikombe mezani.

Ukaniuliza, na sauti yako haikuwa ya mtu mzima, "Huko ndotoni, alikuwa amekasirika?"

Baba, ningeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nilisema, "Hapana. Alikuwa anatabasamu."

Ukalia. Mimi nikakushika bega, nikajiona mwema.

Siku hiyo hiyo ulifungua droo, ukachukua ile karatasi, ukanipeleka saiba ya Kombewa, kwenye kompyuta za kukodi, wewe mwenyewe. Mama aliyenizaa alipopiga simu kutoka dukani kwake Mamboleo kuuliza kwa nini umebadilisha mawazo, ulimwambia, "Wenyewe wamesema." Ulisimama nyuma ya kiti changu mpaka chuo cha ng'ambo kikakaa juu ya orodha. Kijana wa saiba akakuuliza, "Mzee, una uhakika?" Ukamjibu yeye, lakini mkono wako ulikuwa begani kwangu: "Nenda, Mama. Lakini safari hii urudi."

Nilipata nilichotaka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nimejaribu kutafuta nilikozitoa zile nywele. Kidato cha pili kulikuwa na msichana aliyeingia masomo ya jioni na kichwa nusu kwa sababu kengele ililia. Nimejiambia ni yeye. Nimejiambia pia ni ule uzi wa kwenye droo, kwamba niliuona na akili ikafanya kazi yake bila kuniambia. Mchana kama huu karibu niamini. Lakini nimeanza kuwa mwangalifu na ninachokitunga.

Nawe umebadilika. Kila asubuhi unaniuliza kama amesema kingine. Nikisema hapana, unaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa subiri kidogo. Umeanza kuacha kitana barazani. Jumapili iliyopita nilikuona umeshuka mpaka kwenye nyasi za ufuoni, mahali ambapo hujakanyaga maisha yangu yote, umesimama unasikiliza. Shangazi alikuona pia. Akasema, "Kaka yangu anatafuta nini kwa maji? Huyo msichana asiende kabla hatujajua." Nikaenda kulisha kuku. Ninajua unachotafuta. Nilikuweka huko mimi.

Halafu leo asubuhi. Ulimwambia Shangazi anisuke kwa uzi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Msichana wa chuo na nywele za uzi? Watadhani ametoka kwa picha ya ukutani."

"Msuke," ulisema. "Lakini nusu tu. Nusu nyingine nitamsuka mimi kesho, kabla hajatoka."

Shangazi akaacha kucheka. "Wewe utamsuka? Tangu lini?"

"Nimeshika uzi miaka yote hii, Pamela. Nitashindwa na kichwa?"

Akanikalisha kwenye stuli. Akauliza aanze upande gani. Kabla sijafungua mdomo ulisema, "Wa kulia. Wa kushoto uache."

Nataka usome hapa polepole. Nilipokudanganya, sikusema ni upande gani. Lakini wakati natunga, kichwani mwangu, upande uliokuwa wazi ulikuwa wa kushoto.

Sasa hivi kuna kioo mbele yangu. Sikitazami sana.

Nilifikiri kuondoka na siri hii. Nilijiambia uwongo wangu umekupa kitu ulichokikosa tangu utoto, na ni mtoto gani anayempokonya baba yake kitu kama hicho asubuhi ya kuagana? Lakini naenda kusoma kazi ya watu wanaotunga, na jambo la kwanza nililolitunga nikaaminiwa limekufanya ukae ufuoni ukisikiliza maji. Siwezi kukaa kwenye stuli hiyo kesho, nikakupa mgongo, ukanisuka ukiamini umesamehewa na mtu niliyemweka maneno mdomoni.

Basi: sikumuota. Hakusimama mlangoni. Hakusema uniache nivuke, na hakutabasamu. Mimi ndiye niliyetaka kuvuka, nikaogopa kusema nataka, nikamtuma marehemu. Nisamehe. Nimejifunza kwamba jambo ukilisema kwa mdomo wa mtu mwingine hulimiliki hata likikubaliwa. Nimepewa ruhusa na bado najiona kama naenda kwa kujificha.

Unaweza kusema sasa hakuna aliyekusamehe. Ngoja. Hapa ndipo ninapohitaji lile neno nililoanza nalo.

Mwanangu, mimi pia nimefichwa kitu na wewe. Nilitafuta karatasi yangu siku mbili, na nilipoiona kwenye droo nilijua mara moja ni nani aliyeiweka na kwa nini. Nimejichunguza vizuri, maana sitaki kutunga tena: sikuwa na hasira. Nilikutazama ukikanyaga ile mashine bila kuinua macho, nikaona mtu anayeogopa kuachwa. Nilisikia uchungu, na nilisikia kupendwa, na niliendelea kutaka kwenda. Vyote vitatu pamoja. Nikanyamaza kwa sababu sikupata neno linalovibeba vyote.

Ulisema hakukupiga wala kukusema, alikutazama tu. Sijui Nyanya alifikiri nini. Nimeapa sitamsemea tena. Lakini kuna watu wawili wanaoitwa Aloo ambao umewafichia kitu ili wasivuke, na mmoja anaweza kukujibu, mchana, macho wazi, bila ndoto. Hajakasirika. Ulikuwa na miaka tisa. Na kama hakugeuka ulipomwita, fikiria mwanamke mwenye mzigo kichwani juu ya kichwa nusu, na injini inanguruma. Huenda hakusikia. Au huenda alijua akigeuka hatapanda. Mimi nimeshalifikiria hilo kwa ajili ya kesho.

Nataka kwenda, Baba. Nakuomba ruhusa upya, kwa mdomo wangu huu mdogo. Nitazunguka kwa barabara kama ulivyosema, hata ikichukua siku nzima. Na siku nikitumwa vijijini kukusanya masimulizi, sitaanza na wazee wa ng'ambo. Nitakuja hapa kwanza, unisimulie asubuhi yote, nami nitaandika ulivyosema, bila kuongeza hata nywele moja.

Barua hii naiweka kwenye droo ya mashine, chini ya ule uzi, maana najua kesho utaifungua mapema kuutoa. Nitakuwa barazani kwenye stuli. Ukija nao, kaa nyuma yangu unisuke, hatuhitaji kusema chochote. Ukija bila uzi, nitaelewa, nitafunga kitambaa, nami nitakuuliza tena kama naweza kwenda.

Nakuomba jambo moja tu. Nikifika pale njia inapopinda kwenye michongoma, usisimame ukinyamaza. Niite. Usiniite Mama, niite jina langu, kwa sauti, hata kama litasikika mpaka kaburini.

Nitageuka.

Aloo